Kachumbari kwenye Masharubu

Kabla mkono wa Makokha haujagusa geti la ploti yao huku Kitengela, Whitney alikuwa ashatoka mbio. Malapa pap pap pap kwa korido, "Daddy amefika!", kichwa kwa tumbo ya baba, mkono kwa mfuko. Chipsi, ama soseji ya smokie, na mwisho wa mwezi ni kuku. Huko kazini Nairobi watu walimpigia Makokha kelele kutoka asubuhi. Hiyo dakika ya geti ndiyo ilimfanya arudi kazini kesho yake.

Lakini Whitney, miaka tisa, akaanza kuhema kwa ngazi kama mtu amebeba gunia. Mama yake, Jacinta, akawaandikisha wote kwa programu ya watoto wenye uzito uliozidi, kila Jumamosi kwa ukumbi wa kanisa. Anayeiongoza ni Nasieku, mtaalamu wa lishe, mrefu kama nguzo ya stima.

"Sopa!" aliwasalimia kwa Kimaasai.

"Ipa!" watoto wakaitikia.

"Hapa hakuna mtu anaitwa kibonge. Na mtoto hafanyi hii kitu peke yake, nyumba yote inabadilika. Hata wewe, Baba Whitney."

Makokha akavuta tumbo ndani. Ikakaa kidogo, ikarudi.

Alikubali yote: sukuma nyingi, ugali kidogo, hata kuruka kamba. Shida ilikuwa geti.

"Sasa nikifika mikono mitupu nitamwambia nini?"

"Mwambie hello," Jacinta akasema. "Wewe ni babake, si kioski."

Rahisi kusema. Je, kama mtoto miaka hiyo yote alikuwa anakimbilia chipsi?

Jumatatu, akishuka kwa steji, hiyo hofu ikamshika pamoja na njaa. Akasimama kwa trolley ya Brayo, mkokoteni wake wa kuuzia smokie, mgongo kwa barabara kama mwizi wa kuku. "Weka kachumbari ya kutosha, Brayo. Nyumbani naenda kupewa majani."

Na Whitney akatoka mbio vilevile! Akamkumbatia, hata mfuko hakuutafuta. Moyo wa Makokha ukaruka. Halafu pua ya mtoto ikasimama kwenye masharubu yake.

"Daddy. Umekula smokie."

"Mimi? Hapana, ni... ni upepo."

"Upepo wa Kitengela siku hizi uko na kitunguu?" Jacinta akauliza kutoka mlangoni.

Whitney hakucheka. "Tulisema ni sisi wote," akasema, akaingia ndani.

Jumanne Makokha alimpita Brayo macho chini. Getini hakukuwa na mtu. "Hi Daddy," Whitney akasema, kichwa kwa homework. Jumatano, hivyo hivyo. Makokha alitafuna kabichi yake kama mtu yuko matangani, mwishowe akaisukuma sahani, akaketi chini kwa carpet karibu na mtoto.

"Mama, nilikosea. Na nilikudanganya." Alimwita mama kwa sababu jina lake lingine ni la nyanyake wa Bungoma, mamake Makokha. "Nikitoka kazi niko na njaa, na ile trolley iko katikati ya njia. Naiogopa."

Whitney akaweka penseli chini. "Unaogopa trolley?"

"Sana."

"Hata mimi naogopa mandazi ya shule," akanong'ona.

Alhamisi Makokha aliposhuka, Brayo aliinua kisu. "Boss! Mbona umenihama?"

Kabla hajajibu, akasikia malapa. Whitney alikuwa anakuja mbio kutoka huko kwa ploti, akipenya katikati ya ng'ombe wa jirani yao Mzee Lemein wakirudi boma, vumbi mpaka kwa nyusi, Jacinta nyuma yake akishikilia leso.

"Brayo!" mtoto akapiga kelele. "Huyu ni wangu!"

"Haki, mchukue!" Brayo akacheka mpaka akashikilia trolley.

Whitney akamshika babake mkono, akamvuta. "Twende, Daddy. Usiangalie nyuma."

Wakapitia njia ndefu, ile ya kuzunguka kuori ya kuchimba mawe, wote watatu wakihema. Makokha alitaka kumwambia kitu ya maana hapo njiani, lakini pumzi haikutosha.