Vikombe vya Msumarini

Mchungaji Sondre alinipigia simu Jumatano, sauti imechangamka kama ya muuza bima.

"Mama Målfrid, Jumapili kanisa linatimiza miaka arobaini na mitano. Tunaomba utusimulie historia. Dakika saba zitatosha?"

"Miaka arobaini na mitano kwa dakika saba," nikasema. "Na kuvuta pumzi nitaruhusiwa?"

Akacheka. "Huniangushi wewe. Nikikuona pale kila Jumapili, natiwa moyo."

Sikuwa nimekanyaga kanisani tangu Novemba. Niliteleza kwenye barafu mlangoni kwangu nikavunjika nyonga, na sasa ilikuwa Machi. Miezi minne nilikaa dirishani nikitazama barabara, na nilitaka jambo moja tu: mtu wa kanisa agonge mlango, aulize mbona sionekani. Hakuja hata mmoja. Na huyu ananiona kila Jumapili.

Nikamwambia nitakuja. Moyoni nilishapanga kuwaumbua wote, kuanzia yeye.

Tulianza watu saba, kwenye banda la mashua la fundi Ingvald, baada ya kugombana na wazee wa nyumba ya maombi kwa ajili ya gitaa. Wazee walisema gitaa ni la dansi. Gjertrud, aliyekuwa akilipiga, akawajibu kwamba basi yeye anakwenda kucheza dansi na Yesu mahali pengine, akatoka, na sisi sita tukamfuata. Banda lilinuka lami na samaki wa chumvi. Mimbari hatukuwa nayo, ila ukutani palikuwa na misumari, kila mtu na wake, na kwenye kila msumari kimetundikwa kikombe cha mwenyewe. Ibada ikiisha tunakunywa kahawa. Kikombe kilichobaki ukutani, mwenyewe hakuja. Basi anayekaa karibu naye anakishusha na kumpelekea nyumbani siku hiyo hiyo, pamoja na chupa ya kahawa.

Mume wangu Asbjørn alipofariki, sikutoka nje kwa majuma kumi na moja. Jumapili zote kumi na moja Gjertrud alikuja na kikombe changu, akanimiminia, akakaa kando yangu akifuma soksi. Hakunihubiria hata mara moja. Ile soksi ilirefuka mpaka siku moja nikacheka bila kutaka.

Kisha watu wakaongezeka. Tulipofika mia banda likatushinda, tukanunua ghala la zamani la samani kando ya barabara kuu. Leo tuko mia sita na ushei, na magari hayana pa kuegeshwa.

Jumapili nilifika kwa teksi, na mkongojo. Dada wa mapokezi akanipa mfuko wa wageni, ndani kalamu na chokoleti.

"Karibu sana, mama. Ni mara yako ya kwanza?"

"Ya kwanza mwaka huu," nikamjibu, lakini alishawageukia walio nyuma yangu.

Jukwaani taa zilinipiga machoni, na mbele yangu saa ya tarakimu nyekundu ilikuwa ikihesabu kurudi nyuma. Nikasimulia habari ya gitaa, wakacheka. Nikasimulia vikombe, wakatulia. Nilipofika kwenye soksi ya Gjertrud, mama mmoja wa safu ya mbele akajifuta macho. Nikaona sasa ndiyo nafasi yangu. Swali nilikuwa nalo mdomoni: nani kati yenu anajua nimekuwa wapi tangu Novemba?

Nikafungua mdomo, na nikaukumbuka mkutano wetu mkuu wa mwaka ule tulipofika watu sitini. Mimi ndiye nilikuwa mkuu wa jikoni. Vikombe sitini kila Jumapili, vidole vimepasuka kwa sabuni. Nikanyoosha mkono, nikapendekeza vikombe vya karatasi. Gjertrud peke yake ndiye aliyesimama kupinga.

"Na tutajuaje nani hakuja?"

"Macho tunayo, Gjertrud," nilimjibu, na watu wakacheka. Kura zote zikaja upande wangu, isipokuwa yake.

Miaka ilipita, magoti yake yakaharibika. Alikaa ndani majira mazima ya baridi, nami kila Jumapili nilikuwa jikoni nikichana pakiti za vikombe. Habari zake nilizipata gazetini, kwenye ukurasa wa vifo.

Hayo ndiyo niliyowaambia. Swali langu nikalimeza, maana sikuwa na haki ya kuliuliza. Saa ikafika sufuri, makofi, ngoma, magitaa manne. Sondre akanikumbatia. "Ushuhuda mzito sana, mama." Wakati wa kahawa watu wengi walinishika mkono wakasema nimewagusa. Hakuna aliyeniuliza nakaa wapi.

Jumatatu nilisikiliza mlango mpaka saa tano asubuhi. Upweke ulinikaba, sina namna nyingine ya kuueleza. Nikajaza chupa ya kahawa, nikateremka na mkongojo wangu hadi nyumba ya wazee, kwa fundi Ingvald. Ana miaka tisini na moja, na katika wale saba tumebaki yeye na mimi. Sikuwa nimemwona kwa miaka miwili, naye yuko mteremko mmoja tu kutoka kwangu.

Nilimkuta dirishani, nywele zimechanwa, amevaa koti la suti.

"Dada Målfrid. Nilidhani umeshazikwa."

"Bado wananitafutia nafasi."

Alicheka mpaka akakohoa. Nikammiminia kahawa, hakuigusa.

"Jana ilikuwa sherehe," akasema. "Muuguzi alinisomea gazetini. Nikavaa koti tangu asubuhi, nikasema labda watanifuata."

"Na leo umelivalia nini?"

"Nilifikiri labda nimekosea siku."

Nikavuta kiti, nikakaa karibu naye. Akaniwekea mkono kwenye goti.

"Walinitaja?"

Nikazipitia dakika zangu saba zote. Gitaa, Gjertrud, Asbjørn, mimi, mimi tena. Banda nililitaja. Lilikuwa la nani, sikusema.

"Walikutaja," nikasema.

"Walisemaje?"

Jana niliungama mbele ya watu mia sita, na leo mbele ya mmoja nikashindwa. "Walisema banda lilikuwa la Ingvald, na alilitoa bila kuombwa mara ya pili. Watu wote wakasimama."

Alifumba macho. "Hebu sema tena. Polepole."

Nikasema tena, na safari hii nikaongeza na makofi.