Neno Analoruka Kasuku

Jumamosi baada ya chai, fundi cherehani alilipiga pasi gauni jeupe la binti yake, akalitundika msumarini, kisha akampeleka mtoto kwenye mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Mtoto alikuwa amezikwa wiki ya Majivu. Hilo halikumfanya achelewe.

Nyumbani walimwita Kasuku, maana akianza kuchonga hata cherehani haisikiki. Mbele ya mwalimu wa katekisimu tu ndipo ulimi ulipomganda. Swali lilikuwa moja: neema ni nini? Jibu lilitakiwa neno kwa neno: neema ni zawadi ya Mungu tunayopewa bure, bila kustahili. Kasuku kila mara aliruka "bure". Na aliyeruka neno alipiga magoti uani kwenye kokoto, liwe jua iwe mvua, mpaka wenzake wamalize. Siku moja ikawa mvua. Kikohozi, homa, kifua kikabana, basi. Mwalimu alikuja msibani, akasalisha rozari, akala, akashiba.

Jumamosi iliyofuata Kasuku alikuwa benchi la mbele, sketi inachuruzika maji. Wenzake walisogea wasilowe. Mwalimu akamuuliza swali lake, naye akaruka neno lake, akatoka mwenyewe kwenda kwenye kokoto. Mvua ilimnyeshea yeye peke yake. Masista walikuwa wameanika mashuka hapo hapo kando, na yalikauka vizuri.

Fundi, mama yake, alisimama dirishani na sweta mkononi. Alitaka kitu kimoja tu: amwone mwanawe kwenye gauni lile, apokee, kisha akapumzike. Mwenye ruhusa hiyo ni mwalimu. Kwa hiyo akameza uchungu, akawa anamfundisha mtoto kila jioni huku anashona.

"Sema bure, mwanangu."

"Bure, mama."

"Tena."

Jumamosi ya mwisho kabla ya sherehe, Kasuku alisimama akatoa jibu zima, na "bure" ikiwemo. Darasa likapiga makofi. Mama alilia kwa furaha wala hakujificha.

"Vizuri sana," alisema mwalimu. "Haya, sakramenti ni za nani?"

Somo hilo wenzake walifundishwa siku ya mazishi yake.

"Sakramenti ni za walio hai," mwalimu akajijibu. "Mama Kasuku, si mimi, ndiyo mafundisho. Alishike hilo neno kwa neno, mwakani tutaona." Akaangalia saa. "Ila lile gauni. Binti yangu bado hajapata la kuvaa, na hawa wawili wanalingana."

Mama alifikiria mwakani. Hakutaka kumuudhi mtu.

"Mlete nimpime, mwalimu," alisema. "Huenda kiuno kikahitaji kupunguzwa."

Kasuku alikuwa ameshatoka nje.

Jumapili ibada ilifana. Binti wa mwalimu alipendeza, na waumini walisifu ile kola ya lesi. Fundi hakuingia kanisani. Alikuwa uani, amepiga magoti kwenye kokoto pembeni ya mwanawe, bega moja kavu, moja limelowa.

"Sakramenti ni za walio hai. Sema."

"Ni za walio hai, mama."

"Tena."