Watu Mia Tano wa Tilaikheda

Mwalimu Tripathi aliingia Tilaikheda saa nne asubuhi, viatu mkononi, suruali imekunjwa hadi magotini. Pikipiki aliiacha kwenye barabara kuu, kilomita tisa nyuma. Serikali ilikuwa imemtuma kuhesabu watu, na kufikia alasiri alikuwa na mia nne themanini na wanane.

"Lami inapelekwa kwenye watu mia tano," alimwambia Phulkunwar, mwenye nyumba ya mwisho. "Mmepungua kumi na wawili tu, mama."

"Hatujapungua. Wewe hesabu vizuri."

Mkaza mwana wake, Kesar, alikuwa mlangoni akichambua dengu, tumbo limemtangulia. Angejifungua mvua zikianza, kijito kikijaa. Wakati huo mgonjwa hubebwa kwa kitanda cha kamba hadi barabarani. Wengine hufika.

"Jina la mkuu wa nyumba?"

Phulkunwar alivuta utaji. Mke wa Tilaikheda hatamki jina la mumewe; kulitaja ni kumpunguzia siku. "Lina mwezi na jua ndani yake," alisema. "Mwalimu mzima, fumbua."

"Majirani wanasema alifariki miaka tisa iliyopita, akipelekwa hospitali."

"Alifia wapi? Hospitali wanasema hakufika kwao. Karani wa kijiji anasema hakufia kwake. Cheti hakuna. Na mimi jina lake sijalitaja hata siku moja. Sasa atakufaje?"

Mwalimu alitafakari. Hakuona kosa. "Basi yuko wapi?"

"Njiani."

Chandrabhan aliingia uani akiwa na matope hadi mapajani. Alitaja mwenyewe jina lake, lenye mwezi na jua, kisha umri na kazi: mkulima. Akaomba maji. Phulkunwar alimpa, akamwambia afute miguu kwanza.

Nyuma yake walikuja kumi na mmoja wengine, wote waliotoka kijijini kwa kitanda cha kamba wasifike popote. Mwalimu aliwaandika mmoja mmoja. Alisita kwa Bittan tu, aliyekwama njiani na uchungu wa uzazi.

"Miaka ishirini na miwili? Umeondoka hapa miaka kumi na mitano sasa."

"Kwani umeniona nimezeeka?"

Akaandika ishirini na miwili. Jumla ilikuwa mia tano kamili.

Majibu ya ofisi yalifika Juni. Kanuni ilisema zaidi ya mia tano. Kijiji kimepungukiwa na mtu mmoja. Isitoshe, kwa kuwa wakazi kumi na wawili wameitumia njia iliyopo kwa miaka mingi bila kulalamika, njia hiyo inafaa. Hesabu nyingine ni baada ya miaka kumi.

Phulkunwar alisomewa barua mara mbili. Akaitumia kuwashia jiko.

Julai, mvua ikinyesha, uchungu ulimshika Kesar. Vijana walikuwa mijini wakifyatua matofali. Wazee wanne walipoinama kushika kitanda, Chandrabhan aliwasogeza.

"Pisheni. Hakuna shimo la njia hii nisilolijua."

Wale wa njiani walishika miti ya kitanda. Bittan alitembea ubavuni, mkono wake ndani ya mkono wa Kesar.

"Usisukume kabla ya kijito, dada. Hapo ndipo nilipokosea mimi."

"Nimechoka!"

"Choka ukishavuka."

Walivuka, maji yakiwafika vifuani. Kwenye kilomita ya nane mtoto alilia. Alikuwa msichana, na mamaye alikuwa hai, akidai chai. Hospitali walisema hakuzaliwa kwao. Karani wa kijiji alisema hakuzaliwa kwake. Cheti hakikutoka.

"Huyu jina lake nitalitaja mpaka wazibe masikio," alisema Phulkunwar. Akamwita Sadak, maana yake barabara.

Wale kumi na wawili walirudi njiani kungoja kitanda kingine. Jioni Chandrabhan hupita kunywa maji, na hufuta miguu kwanza.

Mwaka uliofuata mwalimu alikuja na fomu nyingine, viatu mkononi. Swali la kwanza: je, kijiji kina barabara?

"Tunayo," alisema Phulkunwar. "Ananyonya."