Wiki Sita Chumba cha Faili

Dada yangu alisoma prufu, kurasa za kusahihishwa kabla ya kuchapwa, kwenye kiwanda cha uchapaji kwa miaka kumi na minane, kisha kiwanda kikafungwa siku ya Jumanne, kabla ya chai. Alirudi nyumbani na kikombe chake, miwani yake, na kamusi ambayo hakuna aliyemuuliza kama ni yake.

Alikaa miezi mitano. Alisahihisha kila kilichopita mbele yake: maelezo ya dawa ya mbu, kadi za harusi za watu asiowajua, madaftari ya wanangu. Mumewe ni fundi wa kuchomelea, mtu wa maneno machache. Siku moja akaniambia, "Shemeji, jana kasahihisha bango langu la madirisha."

"Wateja wameongezeka?"

"Hapana."

Ndipo hospitali ikapiga simu. Karani wa chumba cha faili alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi akavunjika mkono, na walitaka mtu wa kumshikia nafasi kwa wiki sita. Mama alikuwapo.

"Wiki sita," akasema. "Hiyo ni kazi au ni mafua?"

"Ni kazi, Mama."

"Na mwenyewe akipona?"

"Nitarudi nyumbani."

"Mtu mzima na akili zako, unakaa kuombea mfupa wa mwenzio uchelewe kuunga."

"Sijaombea," dada akasema. Nadhani ilikuwa kweli, angalau wiki ya kwanza.

Chumba chenyewe kilikuwa chini kabisa, pembeni ya chumba cha dobi, na kilinuka sabuni na vumbi. Karani alikuwa amepanga faili kwa utaratibu aliokuwa nao kichwani, na kichwa alikuwa ameondoka nacho. Dada akaanza upya, rafu ya kwanza. Hapo ndipo alipogundua kwamba wagonjwa wengi walikuwa na faili mbili, wengine tatu, kwa sababu kila mpokeaji aliandika jina alivyolisikia. Huku lina R, kule lina L. Alichukua uzi akaanza kuwafunga watu pamoja.

Wiki ya tatu, manesi wa wodi ya wanawake waliomba faili ya bibi mmoja mwenye kidonda cha mguu. Wakapelekewa ile ya R. Baada ya muda dada akakuta ya L: mwaka uleule wa kuzaliwa, mtaa uleule, mtoto yuleyule wa kupigiwa simu. Kwenye jalada la mbele mtu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba penisilini nusura imuue.

Simu ya chumba cha faili ilikuwa ya kupokea tu. Akapanda ghorofa tatu kwa miguu.

Nesi alikuwa kando ya kitanda, sindano iko kwenye sinia.

"Wewe nani?"

"Natoka chumba cha faili."

"Karani si mwanamume?"

"Ameanguka. Mimi ni wa muda."

"Basi wa muda asubiri nje, tuko kazini."

Dada yangu hajawahi kumjibu mtu vibaya kazini. Aliiweka ile faili juu ya sinia, juu ya sindano, akasema, "Soma kwanza."

Nesi akasoma. Akarudia kusoma. Akaita daktari, naye akamwinamia mgonjwa. "Bibi, umewahi kuchomwa sindano ukavimba?"

"Niliwaambia jana," bibi akasema. "Mkasema mtaangalia kwenye faili."

Dawa ikabadilishwa. Dada akatoka, akashuka kumalizia rafu.

Kesho yake metroni, mkuu wa manesi, akashuka mwenyewe. Alitazama rafu kwa muda. Hakushukuru.

"Mkono wa karani unaendeleaje?"

"Unapona."

"Pole," akasema metroni.

Karani aliporudi, metroni alikuwa ameshamhamishia dada mapokezi ya kliniki ya macho, ambako mpokeaji mwenyewe alikuwa kwenye likizo ya uzazi. Kutoka hapo akaenda stoo ya dawa, ambako mtu alikuwa amefiwa, kisha maabara, kisha meno. Mwaka mzima dada hakuwa na kiti chake mwenyewe, lakini alijua nani anaandika sita kama sifuri, na kwa nini majibu ya maabara yalikuwa yakifika wodini mgonjwa ameshaenda zake.

Mwisho hospitali ikatangaza nafasi mpya: msimamizi wa kumbukumbu zote za wagonjwa. Dada akaomba. Afisa utumishi akaipekua barua yake.

"Idara tano ndani ya mwaka mmoja. Mbona hutulii?"

"Nilikuwa nasubiri wenyewe wapone," dada akasema.

Daktari mkuu akamuuliza angeanza na nini. Alieleza kwa dakika arobaini, idara kwa idara, bila karatasi. Wengine walioomba walikuwa na vyeti vizuri kumzidi. Mmoja wao, tulisikia baadaye, aliuliza chumba cha faili kiko wapi.

Alipopata barua ya ajira aliisoma mbele yetu, akakuta makosa mawili, akatia saini hivyohivyo. Kisha akaingia chumbani, akafunga mlango, na tukamsikia analia. Shemeji akaongeza sauti ya redio ili tusisikie.

Mwezi uliopita alikuja aliyekuwa fundi mitambo wa kile kiwanda cha uchapaji, kuuliza kama kuna lolote. Dada akamwambia mtunza bustani wa hospitali anafanyiwa upasuaji; kuna wiki tatu.

"Wiki tatu?" fundi akasema. "Mimi na umri huu, nikamwagilie maua?"

"Nenda," dada akasema.

Akaenda. Mtunza bustani amesharudi, mzima wa afya. Fundi bado yupo. Siku ya nne alitengeneza gurudumu la kitanda kilichokuwa kinamlilia kupitia dirisha la wodi, na ikaonekana kwamba hospitali ile ina vitanda vibovu vingi kuliko maua.