Utando wa Edna

Jumamosi saa nne asubuhi Qamara alikuwa nje ya nyumba yake pale Daa, anachambua maharage kwenye ungo, mjukuu wake Winnie yuko mgongoni. Mama wa mtoto, Edna, akashuka kwenye bodaboda akitokea kazini Karatu mjini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanao amekulilia wee mpaka akachoka."

Edna akachota maharage amsaidie. Yakalia viganjani mwake kama yamedondoka kwenye sinia. Kuanzia kucha mpaka viwiko, mikono yake ilikuwa inang'aa.

"Ndiyo ule utando?"

"Ndiyo, mama. Glavu ziliisha mwezi wa pili."

Karakana ya kina Edna ilipaka vyuma vya pampu za visima, maana maji ya chumvi hula chuma upesi. Kwanza utando wa almasi, mwembamba kuliko unywele, halafu metali juu yake. Edna alishaeleza kwenye simu, na Qamara, aliyeishia darasa la saba, akaelewa utando kama ule wa juu ya maziwa yaliyochemka. Kwa hiyo akaenda kuleta kijiko.

Alikwangua taratibu kuanzia kwenye kifundo, huku anapuliza. Kijiko ndicho kilicholika.

"Unaumia?"

"Sijui, mama. Sisikii kitu."

Walipoingia jikoni, moshi wa kuni ukapita kwenye mikono ya Edna, masizi yakanasa kwenye utando, na upande wa pili ikatokea hewa safi. Jirani yao Hyasinta, aliyekuwa anakohoa tangu masika, akavuta kigoda akakaa karibu.

"Mama Edna, huyu binti niazime kesho, nina pombe ya kupika."

Akacheka bila kukohoa. Wakampa chai.

Winnie akaanza kulia. Edna akamwekea kiganja kwenye paji la uso, akakaa nacho muda mrefu.

"Mama, hebu mshike wewe. Ana homa?"

Qamara akamshika. Mtoto alikuwa anawaka.

"Anayo."

Jumatatu, homa ya mtoto ikiwa imeshuka, Qamara alimfunga mgongoni wakaenda wote na Edna karakana. Msimamizi, Edgar, aligonga mkono wa Edna kwa bisibisi, akasikiliza mlio.

"Hapa umeshika kuliko kwenye pampu. Mama, mwanao hatashika kutu mpaka kiama, na bado umenuna?"

"Na glavu je?"

"Sasa za nini tena?"

Akamhamishia Edna nyuma, akae mbele ya bomba la moshi la jenereta, mikono yake iusafishe, majirani wasilalamike. Qamara akarudi na mtoto.

Mzazi mwenye mtoto kwenye kazi hizi asimuulize kazi inaendaje. Amshike mkono.

Jumamosi iliyofuata Edna alikuja kwa saa moja tu, maana jenereta lilikuwa halizimwi. Utando ulikuwa umefika shingoni. Mikono hakuinyoosha. Aliinama, akaweka shavu lake kwenye paji la Winnie, akafumba macho.

"Leo hana."

"Hana," Qamara akaitikia.

Akaweka kiganja kwenye shavu la pili la binti yake. Lilikuwa laini, lina joto, lina vumbi la barabarani. Akakiacha hapohapo.

"Mama, niachie basi," Edna akasema. "Jenereta linanisubiri."