Dakika Ishirini Getini

Tangu avunjike nyonga mwezi wa tatu, Dhahabu hakutoka tena chumbani mwake Mtopanga. Daktari alisema mfupa umeunga na ajaribu kutembea, lakini yeye alijilalia tu, uso kaugeuzia ukuta. Kilichomchoma bintiye Nyamvula hakikuwa kumwogesha wala kumbadilisha shuka. Ni ule ukimya. Mama aliyekuwa akijua nani kapita njiani na kabeba nini, sasa hata siku hakuuliza ni ya ngapi.

Nyamvula alisafisha picha miaka kumi na tisa katika studio moja ya Changamwe, mpaka simu zikaimaliza kazi ile. Mwenye studio alipofunga alimwachia katoni ya karatasi za picha na chupa za dawa. Zilikaa juu ya kabati zikishika vumbi. Jumamosi moja akizitazama, alikumbuka jambo aliloonyeshwa siku zake za kwanza kazini: kwamba chumba chenye giza totoro, kikiachiwa tundu moja dogo, chenyewe huwa kamera.

"Mayo, leo nakuzibia dirisha," alisema.

"Nizibe na mimi, tumalize," mama akajibu.

Akapigilia nailoni nyeusi dirishani, akasokomeza kanga chini ya mlango, kisha akatoboa tundu la ukubwa wa mbaazi. Mwanzo hawakuona kitu. Macho yalipolizoea giza, njia ya nje ikajitokeza ukutani, kwa rangi zake zote: geti juu, mbingu chini, mnazi wa jirani ukining'inia kama popo. Pikipiki ikapita, dereva kichwa chini.

"Yesu wangu!" Dhahabu alishika godoro kwa mikono miwili. "Ataanguka huyo!"

"Haanguki. Ni mwanga tu, mayo. Unaingia umenyooka, kwa hiyo wa juu unatua chini na wa chini unapanda juu."

Dhahabu alikuwa ameugeuza uso kuitazama ile njia. Na kesho yake, jua lilipoanza kushuka upande wa magharibi na kuipiga njia vizuri, ni yeye aliyeuliza, "Huzibi leo?"

Dhahabu akajifunza kuwatambua majirani kwa mwendo wao. Yule Purity, ana mimba tena. Yule Changawa, mbona anachechemea? Nyamvula akawa anasikia sauti ya mamake akiwa jikoni, na mara mbili alijikuta anacheka peke yake.

Siku ya nne mwanamke mnene aliyefunga leso kichwani akasimama getini. Akaweka mkono juu ya chuma, akatazama nyumba, asiingie. Kisha akaenda zake.

Dhahabu alimtambua. Alikuwa Faith, ambaye mtaa mzima humwita Mama Kenga. Walikuwa marafiki miaka thelathini, mpaka mumewe Dhahabu alipofariki na Mama Kenga asionekane mazishini wala matangani. Dhahabu akaapa kutomtamkia neno. Huu ulikuwa mwaka wa pili.

Siku ya tano akaja tena, akasimama, akaondoka. Ya sita vilevile.

"Anakuja kila siku?" Dhahabu aliuliza.

"Kila siku tangu ulipoanguka," Nyamvula akasema. "Siku zingine huja asubuhi kabla sijaziba dirisha, akaniuliza umeamkaje. Ulisema nisikutajie jina lake, nami sikulitaja."

Mama akalitazama geti pale ukutani. "Zile karatasi zako zafanya kazi bado?"

"Ni za zamani. Mtu itabidi akae dakika ishirini bila kutikisika. Anayetembea haonekani kabisa."

"Basi mwambie akae. Nataka picha yake."

Kesho yake Nyamvula alitoka na kigoda, akamweleza Mama Kenga. Yule mama aliufikiria ule ujumbe, akaifunga leso yake upya. "Kasema yeye mwenyewe?" Akaketi palepale getini, mikono magotini, akilitazama lile tundu jeusi asimwone aliye nyuma yake.

Ndani, Nyamvula aliziba tundu, akawasha balbu nyekundu, akabandika karatasi nne ukutani kwa utepe wa gundi. Akazima taa, akafungua tundu. Picha ilikuwa ikitua kwenye karatasi, naye Dhahabu alikuwa akimtazama rafiki yake, kichwa chini, anavyopigwa na jua na jasho linavyomtoka asijifute.

Dakika ya kumi na nane akasema kwa sauti nzito, "Mwite ndani. Atazirai."

"Zimebaki mbili, mayo."

"Nimesema mwite!"

Nyamvula akaziba tundu, akazifungia karatasi ndani ya katoni, akaenda kumwita. Mama Kenga aliingia, akasimama mlangoni kama mgeni. Macho yake hayakuona kitu gizani.

"Mbona hukuja kumzika mume wangu?" Dhahabu akamuuliza, bila salamu.

"Nilikuwa nimemzika Kenga wangu wiki tano kabla," Mama Kenga akasema. "Nilifika mpaka stendi. Miguu ikakataa, Mama Nyamvula. Sikuweza kuliona kaburi jingine. Halafu nikaona haya, na haya ikakua."

Dhahabu alijua habari za kifo cha kijana yule, na alikuwa ameenda kulia na Mama Kenga. Lakini hakuwahi kuzihesabu zile wiki. Akapapasa kitandani, akasogea kidogo kwa maumivu. "Kaa hapa."

Nyamvula akazitia karatasi kwenye dawa chini ya taa nyekundu, kisha, kwa kuwa weupe ulitoka weusi na weusi weupe, akazilaza juu ya karatasi nyingine, akazimulika kwa simu, na hizo nazo akazitia dawa. Picha ikatoka nyeusi na nyeupe, imefifia pembeni. Geti lilionekana vizuri, mnazi pia. Aliyeketi alikuwa wingu la kijivu lenye mikono.

"Huyu ni mimi au gunia la makaa?" Mama Kenga akauliza.

"Ulitikisika," Dhahabu akasema. "Na sijakusamehe yote. Nyamvula, chai iko wapi?"