Mtego wa Kuotea

Kwenye runinga, kibendera cha mwamuzi kilipanda kwa mara ya tatu, na Taufiq akajipiga paja akicheka. Argentina walikuwa wametia mpira wavuni tena, na bao likakataliwa tena. Mimi nilikuwa nimeketi chini ya zidaka za marehemu Mama, vile vishubaka vya ukutani, sahani ya wali mapajani, sielewi kinachomfurahisha ndugu yangu.

"Tazama mabeki wa Saudia, dada," alisema. "Hawamkimbizi mtu. Hutoka wote pamoya, aliye mbele akabaki ameotea. Lakini mmoya akisalia nyuma, mumekwisha."

Ilikuwa adhuhuri ya Novemba, Kombe la Dunia la Qatar. Husni, mdogo wetu, akasema basi na sisi tufanye vivyo hivyo, maana baada ya swala ya alasiri Abdulkadir dalali angekuja kutaka jibu kuhusu nyumba. Kwetu Amu, kisiwani Lamu, nyumba huachiwa binti. Baba alinipa hii siku ya harusi yangu, kwa mdomo tu, mbele ya jamaa, na hakuna aliyedhani maandishi yangehitajika. Alipofariki ikawa mirathi ya sote watatu. Tukaapa pale pale, Saudia wakishangilia ushindi wa mbili kwa moja ambao hakuna aliyeutarajia: sote tutakataa.

Abdulkadir aliketi kwenye daka, baraza ya mlangoni, hakutaka hata kahawa. Nilisema hapana. Husni akasema hapana. Taufiq alikuwa akitazama viatu vyake.

"Mimi nina wana wa kusomesha, Bwana Abdulkadir," alisema. "Fungu langu nauza."

Sikulia mbele ya mgeni. Nililia baadaye, jikoni, maji ya chai yakichemka hadi yakakauka. Husni naye alilegea kabla ya mwezi kuisha, na fungu la mwanamke mmoja halizuii kitu. Saudia walitolewa mapema. Argentina wakachukua kombe.

Sasa nimepanga Wiyoni, vyumba viwili vya matofali ya simenti. Nyumba ya Baba ina kidimbwi cha kuogelea uani, nimeambiwa. Mimi hupita njia ya nyuma nisiione.

Taufiq huja Ijumaa, mkate wa mofa mkononi. Juzi tulikuwa tukitazama mpira, kibendera kikapanda. Nikamgeukia kwa mazoea, anieleze. Alikuwa ameinamisha macho sakafuni.

"Beki mmoja angesalia nyuma, lingekuwa bao," nilisema mimi.

"Ni kweli, dada," akajibu.

Nikamtilia chai.